Muulize Fundi: Niuze Maksai Ninunue Pawatila?

Vuli inakaribia, na barua zilizonifikia safari hii karibu zote ni za alizeti na karanga. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake yamo maswali ya watu wengi wa Magu, Kwimba na Misungwi ambao barua zao sikuzichapa.

SWALI: Mwangaluka fundi. Mimi ni mkulima wa Nyanguge, Magu. Nina ekari nane za alizeti, tano ziko mbugani, kwenye udongo mweusi mzito, na tatu ni luseni, udongo wa kichanga. Kila mwaka nakodi trekta linalima, kisha tunarusha mbegu kwa mkono na kufukia kwa matawi ya miti yanayokokotwa na ng'ombe. Napata gunia nne kwa ekari, mwaka mbaya tatu. Kaka yangu aliyeko Mwanza mjini ananishauri niuze maksai wangu wanne ninunue pawatila ya mtumba, yale matrekta madogo ya magurudumu mawili. Nimsikilize?

JIBU: Mwangaluka bwana. Msalimie kaka yako, lakini maksai wasiuzwe.

Pawatila nyingi zinazozunguka huku kwetu zina nguvu farasi 12 hadi 16, na zilibuniwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga, mahali ambapo udongo umeshalainishwa na maji. Ukiiingiza kwenye mbuga iliyokauka, magurudumu yanazunguka palepale na wewe unabaki kuisukuma kwa kifua. Mbuga ikilowa, inanasa. Kwenye luseni italima, sikatai, ila luseni hiyohiyo maksai wako wanailima bila kudai dizeli wala spea. Pawatila ina faida kubwa kwa mwenye tela la kubeba mizigo na mwenye mpunga. Wewe umeniandikia kuhusu alizeti.

Tuje kwenye gunia nne. Kabla hujanunua chuma chochote, nenda shambani na kamba. Pima mraba wa mita 10 kwa 10 mahali ambapo mabua ya msimu uliopita bado hayajaliwa na mifugo, uhesabu vishina. Nafasi inayoshauriwa kwa alizeti ya kawaida kama Record ni sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na 30 kati ya mche na mche. Kwa nafasi hiyo mraba wako unatakiwa kuwa na mimea kama 440, na ekari nzima ina mimea karibu 18,000. Shamba lililorushwa mbegu kwa mkono utakuta huku 700 imesongamana, vichwa vidogo kama vifuniko vya chupa, na hatua kumi mbele hakuna kitu, magugu yamejitwalia uwanja.

Mtu ataniambia alizeti inajirekebisha yenyewe, ikipata nafasi kubwa inatoa kichwa kikubwa. Ni kweli inatoa. Sasa kipasue hicho kichwa kikubwa katikati uone: punje za pembeni zimejaa, za katikati ni pepe, na kitako chake kinabaki kibichi wakati vichwa vya jirani vimeshakauka. Unavuna shamba mara mbili, na ndege wanavuna kabla yako.

Kwa hiyo mashine ya kwanza kwako ni planta ya ng'ombe, ile ya mstari mmoja inayokokotwa na maksai wawili. Trekta la kukodi liendelee kulima kama uwezo upo. Kulima unaweza kumlipa mtu. Kupanda kunataka kifaa kiwe chako, kwa sababu udongo ukishika unyevu unaofaa una siku chache tu, na siku hizohizo kila mtu anakitaka.

Planta ukiinunua usiipeleke moja kwa moja shambani. Fungua kisanduku cha mbegu utazame sahani iliyo chini yake, ile yenye matundu. Nyingi zinauzwa zikiwa na sahani ya mahindi. Tundu la mahindi linabeba punje mbili tatu za alizeti kwa pamoja, au punje inasimama wima, ikakatwa nusu na kifuta mbegu, kile kinachofagia mbegu za ziada juu ya sahani. Omba sahani ya alizeti. Kama haipo, chukua sahani isiyotobolewa pamoja na kiganja cha mbegu zako, mpelekee fundi anayechonga vyuma, akutobolee tundu ambalo punje moja inalala ndani bila kubanwa na ya pili haipati nafasi. Mbegu zenyewe nazo zichekeche zilingane, maana sahani haina akili ya kutofautisha nene na nyembamba.

Halafu ipime nyumbani. Tandika turubai uani, inua planta gurudumu lizunguke hewani, funga kitambaa chekundu kwenye ukingo wa gurudumu ili ujue limemaliza mzunguko. Pima mzingo wa gurudumu kwa kamba. Tuseme umepata mita 1.5. Zungusha mara 10, hiyo ni sawa na mwendo wa mita 15. Kwa nafasi ya sentimita 30 zinatakiwa zianguke punje 50. Mimi hupenda zianguke karibu 60, kwa sababu si zote zitaota na panya wa Magu nao wanakula. Zikianguka 120, sahani ina matundu mengi mno au makubwa mno. Zikianguka 30, kuna matundu yaliyoziba. Okota zilizoanguka uzitazame moja moja: ukiona zilizopasuka, kifuta mbegu kimekaza, kilegeze.

Shambani, baada ya kwenda hatua chache, simama ufukue mita tatu za mstari kwa kidole. Hesabu punje na upime kina. Mbugani sentimita 3 hadi 4 zinatosha, kwenye luseni nenda hadi 5 kwa sababu mchanga unakauka haraka juu. Mbolea, kama planta ina kisanduku chake, ishuke pembeni ya mbegu, isiguse. Ng'ombe watembee mwendo wao wa kawaida. Wakikimbizwa, matundu ya sahani yanapita kabla hayajajaa, na mstari unakuwa na mapengo hata kama sahani ni nzuri.

Kwa zile ekari zako tano za mbugani nina onyo moja. Udongo mweusi ukiwa umelowa sana unajiviringisha kwenye gurudumu la planta mpaka linaacha kuzunguka. Linaburuzwa tu. Na gurudumu lisipozunguka, sahani haizunguki, mbegu haishuki, na wewe nyuma unaona mstari mzuri umefukiwa ukidhani umepanda. Utagundua wiki moja baadaye. Mtu anayeshika mikono ya planta atazame gurudumu muda wote, na awe na kijiti cha kubandulia tope. Afadhali usubiri siku mbili udongo upoe kidogo kuliko kupanda tope. Anza na luseni, mbuga ifuate.

Ukishapanda kwa mstari, palizi inakuwa nyepesi. Sentimita 75 zinamtosha ng'ombe na kaltiveta kupita katikati. Ipitishe wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, jembe la mkono libaki kwa magugu yaliyo ndani ya mstari peke yake, na hapohapo punguza miche iliyobanana. Mimea ikivuka magoti, kaltiveta ikae nje, maana sasa itakata mizizi ya pembeni. Kwa maoni yangu hapa ndipo planta inaporudisha pesa yake, kwenye palizi ya ekari nane ambayo hukuwalipa vibarua.

La mwisho kwako: trekta lililolima ardhi ileile kwa kina kilekile miaka mingi huacha tabaka gumu chini ya pale sahani za plau zinapofika. Ng'oa mmea mmoja wa alizeti taratibu ukiwa na ardhi laini. Mzizi mkuu wa alizeti hupenda kwenda chini sana, hata kuvuka mita moja. Ukikuta umeshuka shubiri moja halafu umekunja kona kwenda pembeni, tatizo umelishika mkononi. Dawa yake ni ripa, jembe jembamba linalopasua bila kupindua. Lipo la trekta na lipo la ng'ombe, aina ya Magoye iliyotoka Zambia. Pasua wakati ardhi ni kavu, ipasuke vizuri. Ikiwa mbichi, ripa inachora mfereji na kupaka kuta zake tope. Usipoona mzizi uliokunja, usimlipe mtu wa ripa.

SWALI: Fundi, nina mashine ya kukamua alizeti hapa Sengerema mjini. Mwenzangu wa mtaa wa pili anakamua gunia moja anapata mafuta mengi kuliko mimi, wateja wameanza kunihama. Mashudu yangu ukiyaminya yanaacha mafuta mkononi. Nimebadilisha mota, hakuna tofauti.

JIBU: Pole ndugu yangu kwa gharama ya mota. Mota huzungusha tu. Anayekamua ni skrubu na ule uwazi mdogo wa mwisho mashudu yanapotokea.

Fungua mashine utazame skrubu kwenye kipande cha mwisho, upande wa kutokea. Hapo ndipo panapolika kwanza, kwa sababu ndipo penye shinikizo kubwa. Kama kingo zake zimekuwa za mviringo na zinang'aa, mbegu zinateleza badala ya kusukumwa. Mchomeleaji anayejua kazi anaweza kuijaza kwa vijiti vya chuma kigumu, ikasagwa irudi kwenye umbo lake, na hiyo ni nafuu kuliko skrubu mpya. Asitumie vijiti vya mageti. Chuma cha geti kitaisha kabla ya msimu kwisha.

Kinachoila skrubu ni mchanga. Wakulima wetu wengi wanapiga alizeti chini kwenye udongo mtupu, na wewe unalipokea gunia unalimimina kama lilivyo. Weka chekeche mbili mlangoni: moja ya matundu makubwa inayozuia mabua na kuachia mbegu, nyingine ya matundu madogo inayozuia mbegu na kuachia mchanga. Na sumaku, kwa ajili ya misumari. Mteja akilalamika gunia limepungua, mwonyeshe mchanga wake kwenye beseni.

Jambo jingine ni unyevu. Mbegu iliyokauka vizuri ukiing'ata inakatika kwa mlio. Ikipinda, irudishe juani, kwa sababu mbegu mbichi hutoka kama uji na mafuta yenye povu. Pia mashine haikamui vizuri ikiwa baridi: asubuhi rudisha mashudu ya kwanza ndani yake mpaka kizimba, yaani lile ganda linaloizunguka skrubu, kipate moto ndipo uanze gunia la mteja. Uwazi wa kutokea ukaze polepole wakati mashine inazunguka, mpaka mashudu yatoke membamba na makavu, yanayovunjika ukiyakunja. Ukikaza kabla haijapata moto utakata bolti.

Na kuwa mkweli kwa wateja. Gunia la kilo 65 la mbegu safi na nzuri likitoa lita 15 hadi 20 kwenye mashine ndogo, wewe na mashine yako mko sawa. Mbegu isiyojulikana ilikotoka, iliyojaa pepe, haitafika hapo hata mashine ingetoka wapi. Kuhusu swali lako la pembeni la kuuza kwenye chupa zenye nembo: nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Mwanza, wakuelekeze njia ya wajasiriamali wadogo kufika TBS, shirika la viwango. Usichapishe lebo kwanza.

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi ni kikundi cha akina mama Nansio, Ukerewe. Tumepata mashine ya kubangua karanga, inavunja punje karibu nusu. Jirani ametufundisha kulowesha maganda kidogo kabla ya kubangua, kweli kuvunjika kumepungua. Lakini mnunuzi wa Mwanza amekataa mzigo, anasema una sumukuvu. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba mama zangu. Maji hayo ndiyo yaliyowaponza. Karanga iliyokaushwa halafu ikaloweshwa, ikafungwa kwenye kiroba na kuvuka ziwa kwenye joto, ni chakula cha ukungu unaotoa sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, safari ile ikiwa kwenye mahindi, kwa hiyo mnunuzi wenu hakuwa anatafuta kisingizio cha kushusha bei.

Kuvunjika kuna dawa kavu. Panga karanga kwa ukubwa wa maganda kabla hazijaingia, makubwa peke yake na madogo peke yake. Tazama pengo kati ya kipondeo na wavu: ganda likipita kwa kubanwa sana, punje inapasuka pamoja nalo. Legezeni mpaka mashine iache maganda machache mazima, kisha hayo myarudishe mara ya pili. Kama kipondeo ni chuma kitupu, fundi anaweza kukivika mpira uliokatwa kwenye tairi la gari. Zungusheni polepole. Mashine ya mkono huharibiwa na vijana wanaoshindana nani ana nguvu.

Zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi ya ajabu zitoeni kwa mkono juu ya meza, na msizikamue mafuta wala msiwape kuku. Karanga za mbegu zisipite kwenye mashine kabisa. Bangueni kwa vidole karibu na siku ya kupanda, kwa sababu punje iliyochubuka ngozi haioti vizuri.

SWALI: Nimeona kombaini za mpunga zikivuna haraka sana. Je, naweza kuikodi ivune alizeti yangu ekari tano? Niko Ngudu, Kwimba. Na kama haiwezekani, niipukuchue kwa kutumia nini?

JIBU: Kombaini ya mpunga ikiingia kwenye alizeti bila kubadilishwa kifaa cha mbele, vichwa vinapigwa na kile kigurudumu kinachovuta mimea ndani, mbegu zinamwagika chini kabla hazijaingia ndani. Kuna vifaa vya mbele vya alizeti vyenye sinia ndefu za kudaka mbegu, lakini mwenye kombaini huku hatavinunua kwa ajili ya ekari zako tano, na ningekuwa yeye nami nisingenunua.

Kata vichwa kwa kisu au mundu pale kitako kinapogeuka kutoka njano kwenda kahawia. Usisubiri vikauke kabisa shambani, kwelea hawasubiri. Vianike juu ya turubai, mgongo chini na mbegu juu, mpaka ukisugua kwa kiganja mbegu zidondoke zenyewe.

Kupukuchua unaweza kutumia mashine ya mahindi, ile ya injini, ukipunguza mwendo. Fundi abadilishe puli tu. Kama puli ya injini ina kipenyo cha sentimita 10, weka ya 20 upande wa mashine, silinda itazunguka nusu ya mwendo wa injini. Feni inayopeperusha makapi nayo itapungua nguvu kama imefungwa kwenye mhimili huohuo, na ndivyo unavyotaka, kwa sababu mbegu ya alizeti ni nyepesi na feni ya mahindi inairusha nje pamoja na makapi. Simama nyuma ya mashine dakika za kwanza, kinga makapi kwa ungo, utafute mbegu nzima ndani yake. Ukiziona nyingi, ziba nusu ya mlango wa feni kwa kipande cha bati. Vichwa vibichi usivitie, vinasagika vikawa uji unaoziba wavu.

Shati lifungwe vifungo, kanga zifungwe nyuma, na mkanda uwe na kinga. Wenye vidole pungufu wanaokuja karakana kwangu wengi wao walikatwa na mkanda, si na silinda.

SWALI: Mimi ni mama mwenye ekari moja Misungwi, ina mawe mengi. Sina ng'ombe. Watu wa planta wananikatalia, wanasema mawe yatavunja vifaa vyao. Nifanyeje nami nipande kwa mstari?

JIBU: Hawakukosea kuhusu mawe, mama. Kwa ekari moja huhitaji planta yao. Ipo ya kusukuma kwa mkono yenye gurudumu, na ipo ya kuchoma ardhini kama mkuki na kubana mikono yake, mbegu inashuka. Hiyo ya kuchoma ndiyo inayokufaa, maana unaikwepesha jiwe na kuendelea. Mkipatana watatu wanne mnaweza kuinunua pamoja, mkapokezana.

Na msimu huu ukishindwa kuipata, kamba ya katani yenye fundo kila sentimita 30, vijiti viwili, na fimbo ya sentimita 75 ya kupimia mstari unaofuata. Mmoja anatoboa, mwingine anaangusha mbegu mbili na kufukia kwa kisigino. Record inakomaa kwa miezi mitatu na nusu hadi minne, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka mvua zinapoisha Mei, ili vichwa vikaukie kwenye jua. Mbegu nunua yenye lebo ya TOSCI, wale wanaothibitisha ubora wa mbegu. Siku ya kwanza kwenda Ukiriguru, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kuuliza duka lililo karibu nawe, nenda asubuhi.